Kutoka Namba 188 Hadi 888: Historia ya Visa ya Majaribio

Leo naweka kando habari za seva na programu huria, tuongee kuhusu visa. Najua kuna atakayeuliza, visa na tarakilishi wapi na wapi? Subiri kidogo. Ukisoma sheria za uhamiaji kwa jicho la mtu wa programu utaona ni programu kama nyingine. Kuna data inayoingia, kuna masharti ya kupima, kuna hali moja inayogeuka kuwa nyingine, na kuna hitilafu ambazo haziripotiwi hadi mtu aumie. Tofauti ni moja tu. Programu yangu ikikwama naiwasha upya. Ile ikikwama, ni familia iliyouza nyumba na kuhama bara.

Mfano wangu ni Australia, kwa sababu huko ndiko hili jambo lilijaribiwa kwa karibu kila njia, na kila jaribio lina tarehe yake. Nazungumzia visa ya mfanyabiashara au mwekezaji ambayo kwanza ni ya muda, kisha ukitimiza masharti unapewa ukaazi wa kudumu. Kwa zaidi ya miaka 10 visa hizo zilijulikana kwa namba mbili: 188 ya muda na 888 ya kudumu. Wengi wamesema namba hizo hazikuchaguliwa hivi hivi, maana 8 ni namba ya bahati kwa Wachina, na Wachina ndio walikuwa waombaji wengi zaidi. Iwe bahati iwe mpango, namba zilishika.

Kwanza tuelewe kinachogombaniwa. Mkaazi wa kudumu Australia anaweza kuishi huko bila kikomo, anaingia katika bima ya afya ya umma iitwayo Medicare, na baadaye anaweza kuomba uraia. Mwenye visa ya muda anafanya biashara, analipa kodi, anapeleka watoto shule, lakini kalenda inamhesabia. Siku ya mwisho ikifika kabla hajatimiza masharti, hana haki ya kubaki, hata kama duka lake lina wateja na watoto wake wameshaanza kuongea kama wenyeji. Hatima ya mke au mume na watoto nayo iko ndani ya faili lile lile la mwombaji mkuu. Biashara yake ikianguka, faili zote zinaanguka.

Haya, historia yenyewe.

MLANGO ULIOACHWA WAZI

Mpaka mwaka wa 1973 Australia ilikuwa na sera ya kupendelea wahamiaji weupe. Sera hiyo ilipozikwa, serikali ikaanza kutazama Asia kwa macho mengine, na miaka ya mwanzo ya 1980 ikawa na mpango maalum wa wahamiaji wafanyabiashara. Wakati ulikuwa mzuri kwa mpango wa aina hiyo. Mwaka wa 1984 Uingereza na China zilitia saini makubaliano kwamba Hong Kong itarudishwa kwa China mwaka wa 1997, na matajiri wengi wa Hong Kong wakaanza kutafuta pasipoti ya akiba. Kanada nayo iliona soko hilo, ikaanzisha mpango wake wa wawekezaji mwaka wa 1986.

Mpango wa kwanza wa Australia ulikuwa rahisi: onyesha una pesa na una historia ya biashara, unapewa ukaazi wa kudumu moja kwa moja. Hakukuwa na hatua ya kati. Tena sehemu kubwa ya kazi ya kuwachuja waombaji ilikuwa mikononi mwa mawakala binafsi waliopewa idhini.

Nyinyi mnaojua kuandika programu mmeshaona tatizo. Kipimo kiko mlangoni peke yake. Mtu akishapita mlango, hakuna anayemwangalia tena. Alisema ataanzisha kiwanda? Nani atakwenda kuangalia kama kiwanda kipo? Na wakala anayelipwa na mwombaji, je, ana sababu gani ya kumkataa mwombaji? Ni sawa na kumwachia mtumiaji ajihakiki mwenyewe kwenye kivinjari chake, halafu seva ikubali chochote anacholeta.

Malalamiko yalijaa. Kamati ya bunge inayokagua hesabu za umma iliuchunguza mpango huo, na mwaka wa 1991 ukafutwa.

KUNYANG'ANYA BAADAYE

Mpango mpya ulianza Februari 1992. Uliweka alama, yaani pointi, za umri, lugha, ukubwa wa biashara na mali. Lakini jambo kubwa lilikuwa jingine. Mtu bado alipewa ukaazi wa kudumu tangu siku ya kwanza, ila safari hii serikali ilijipa haki ya kumfuata. Mhamiaji alijaziwa fomu ya ukaguzi baada ya miezi 24, na tena baada ya miezi 36. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka wa 1958, katika kifungu cha 134, ikampa waziri uwezo wa kufuta visa ya biashara kama mwenyewe hakupata sehemu ya maana katika biashara ya Australia, au hakuwa akishiriki kuiendesha siku kwa siku. Ilani ilitakiwa itolewe ndani ya miaka 3.

Kwa lugha yetu, hii ni kurudisha nyuma. Unaruhusu badiliko lipite, kisha ukiona lilikuwa bovu unalitengua. Kwenye hifadhidata hilo ni agizo la mstari mmoja. Kwa binadamu si hivyo. Mtu ameshaishi nchini miaka 2 au 3 kama mkaazi wa kudumu. Watoto wako darasani. Amenunua nyumba. Kumwambia sasa "ule ukaazi wa kudumu haukuwa wa kudumu" ni jambo zito, na watunga sheria walilijua. Ndiyo maana kifungu hicho hicho kilimkataza waziri kufuta visa ya mtu aliyejitahidi kwa dhati, hata kama biashara yenyewe haikusimama. Na kwa upande wa familia, kilimtaka asifute visa zao iwapo kufanya hivyo kungewaletea dhiki kubwa kupita kiasi.

Hebu tafakari hayo maneno "kujitahidi kwa dhati". Mimi nayapenda, kwa sababu yanakubali ukweli ambao kila aliyewahi kuanzisha kampuni anaujua: biashara hufa bila mtu kuwa mwongo. Lakini kwa ofisa anayeketi na faili mbele yake, ni maneno yanayomtesa. Utapimaje dhati? Utaandika nini kwenye kisanduku? Mfumo uliotegemea huruma na hukumu ya mtu ulihitaji maofisa wa kufuatilia, barua, rufaa, na mawakili. Kwa hiyo mzigo wote wa kuthibitisha ulikuwa begani mwa serikali: wewe una haki yako tayari, na yeye ndiye anayetakiwa kueleza kwa nini akunyang'anye.

Kumbuka hiyo sentensi ya mwisho. Ndiyo iliyogeuzwa.

HATUA MBILI

Tarehe 1 Machi 2003 Australia ilibadilisha mpangilio wote. Kuanzia hapo wafanyabiashara wengi hawakupewa tena ukaazi wa kudumu moja kwa moja. Walipewa kwanza visa ya muda ya miaka 4, katika madaraja yaliyopewa namba 160 hadi 165. Akishaanzisha biashara au kutunza uwekezaji wake kwa muda uliowekwa, mtu aliomba visa ya pili, kati ya namba 890 hadi 893, na hiyo ndiyo ilikuwa ya kudumu. Daraja moja tu la watu wenye biashara kubwa, namba 132, liliachiwa njia ya mkato.

Wazo lenyewe halikuwa geni duniani. Marekani ilishalitumia mapema, na chimbuko lake huko ni la kuchekesha kidogo: lilitoka kwenye ndoa. Mwaka wa 1986 bunge la Marekani lilipitisha sheria dhidi ya ndoa za uongo, kwamba mgeni aliyeoa au kuolewa karibuni na raia apewe ukaazi wa masharti wa miaka 2, kisha wenzi waombe pamoja masharti yaondolewe. Mwaka wa 1990 ilipoanzishwa visa ya wawekezaji ya EB-5, utaratibu ule ule ukanakiliwa. Masharti ya wakati huo yalikuwa: wekeza dola milioni 1, au 500,000 katika maeneo yenye shida ya ajira, tengeneza nafasi 10 za kazi, uwe mkaazi wa masharti kwa miaka 2, halafu rudi na ushahidi katika siku 90 za mwisho. Mwekezaji akapimwa kama bwana harusi: tunakuamini, lakini turudi tena baada ya miaka miwili tuone kama bado mko pamoja.

Ila kuna tofauti muhimu. Yule wa Marekani ni mkaazi halali anayesubiri masharti yaondolewe. Yule wa Australia baada ya 2003 alikuwa mtu wa muda anayeomba kitu kipya kabisa. Mzigo wa kuthibitisha ulihama. Chini ya mfumo wa 1992 serikali ilitakiwa kueleza kwa nini inakufukuza. Chini ya mfumo wa 2003 wewe ndiye unatakiwa kueleza kwa nini ubaki. Na serikali haikuhitaji tena kutafuta dhati. Iliangalia namba. Namba zikitimia, karibu. Zisipotimia, visa inaisha yenyewe, hakuna anayehitaji kukufukuza.

Kwa mtu wa programu huu ni usanifu safi. Kuna mazingira ya majaribio, na kuna mazingira halisi. Hakuna kinachopanda kabla hakijapita vipimo. Sijui kama kuna mhandisi ambaye hangeusifu mchoro huo ukutani.

NINI HASA KINAPIMWA?

Tarehe 1 Julai 2012 madaraja yale yalikusanywa pamoja, na hapo ndipo 188 na 888 zikazaliwa. Maombi nayo yalihamia kwenye mtandao: mtu aliingiza habari zake kwenye mfumo wa SkillSelect, jimbo likamchagua na kumpendekeza, ndipo akaalikwa kuomba. Pia aliulizwa pointi 65, na kwa kawaida awe na umri chini ya miaka 55.

Tuangalie mkondo wa biashara ulivyokuwa ulipoanza, kwa dola za Australia. Ili kupata 188 ulihitaji biashara yako ya nyumbani iwe na mauzo ya angalau 500,000 kwa mwaka katika miaka 2 kati ya 4 iliyopita, na mali za familia za 800,000. Ukifika Australia, ili upate 888 ulitakiwa:

- uwe umemiliki na kuendesha biashara huko kwa miaka 2;
- uwe umeishi Australia angalau mwaka 1 katika miaka 2 kabla ya kuomba;
- mauzo yafike 300,000 katika miezi 12 ya mwisho;
- utimize mambo mawili kati ya haya matatu: mali halisi ndani ya biashara za 200,000, au mali zote za familia za 600,000, au wafanyakazi 2 wa kudumu wasio jamaa zako;
- uwe umepeleka taarifa zako zote za biashara kwa mamlaka ya kodi.

Sharti hilo la mwisho ni la akili sana. Badala ya kumtuma ofisa akahesabu sufuria jikoni kwako, idara ya uhamiaji iliuliza rekodi ambazo mamlaka ya kodi inazo tayari. Ukiongeza mauzo kwa uongo ili upate visa, utalipia kodi ya uongo wako. Data inatoka mahali ambapo kudanganya kuna gharama. Mifumo mingi ya serikali zetu ingefaidika na wazo hilo moja.

Lakini angalia neno "mauzo". Si faida, ni mauzo. Tufanye hesabu ya mfano. Ana mtu duka la vyakula. Ananunua bidhaa za 270,000, anauza za 300,000. Amepita kipimo, ingawa baada ya kodi ya nyumba na mishahara huenda hana kitu. Ana mwingine kampuni ndogo ya programu. Yeye na mwenzake wameuza kazi ya 180,000, na gharama zao ni tarakilishi mbili na umeme. Wamebaki na pesa nyingi kuliko mwenye duka, wamelipa kodi kubwa zaidi, tena wameleta ujuzi mpya mjini. Hawajapita. Kipimo hakiwajui.

Sisi tunalijua jambo hili. Mwambie mwandishi wa programu atalipwa kwa idadi ya mistari, utaletewa mistari. Mwambie mhamiaji atakubaliwa kwa mauzo, atatafuta biashara yenye mauzo makubwa hata kama faida yake ni nyembamba: duka la reja reja, mgahawa, kununua na kupeleka bidhaa nje. Hakuna aliyevunja sheria hapo. Mtu mwenye familia na kalenda ya miaka 4 hatajaribu jambo jipya linaloweza kushindwa. Atanunua kitu kilichokwisha kusimama. Mpango uliitwa wa ubunifu, lakini masharti yake yalimtisha mbunifu na kumbembeleza mchuuzi. Simdharau mchuuzi, baba wa wengi wetu ni wachuuzi. Nasema tu kwamba jina lilisema hivi na masharti yakasema vile.

Upande wa wawekezaji hali ilikuwa nyepesi zaidi. Mkondo wa kawaida uliomba 1,500,000 zikae kwenye hati za dhamana za serikali ya jimbo kwa takriban miaka 4. Tarehe 24 Novemba 2012 ukaongezwa mkondo wa wawekezaji wakubwa: weka milioni 5, usiulizwe pointi, usiulizwe umri, na ukaazi wako uhesabiwe kwa wastani wa siku 40 tu kwa mwaka. Mwanzoni hata huo ungeweza kuwekwa kwenye dhamana za serikali. Mwaka wa 2015 masharti yalikazwa, angalau 500,000 ziende kwenye mitaji ya kampuni changa na milioni 1.5 kwenye kampuni ndogo zinazokua. Mwaka huo huo ukaja mkondo wa milioni 15, ambao ulihitaji miezi 12 peke yake.

Weka mikondo hiyo sambamba uone. Mwenye mgahawa alihitaji kukaa mwaka mzima kati ya miwili, kusimama jikoni, na kuhofia kila mwezi mbaya. Mwenye milioni 5 alihitaji siku 40 kwa mwaka. Kadiri pesa zilivyoongezeka ndivyo majaribio yalivyopungua. Mwaka wa 2016 tume ya serikali inayoshauri kuhusu uchumi ilipendekeza mikondo hiyo miwili ya wakubwa ifutwe. Haikufutwa wakati huo.

MPAKA ULIPOFUNGWA

Tarehe 20 Machi 2020 Australia ilifunga mipaka yake kwa sababu ya korona. Raia waliruhusiwa kurudi. Wakaazi wa kudumu waliruhusiwa kurudi. Wenye visa za muda, kwa kawaida, walihitaji kuomba ruhusa ya mtu mmoja mmoja. Mipaka haikufunguliwa kwa wenye visa wote waliochanjwa hadi tarehe 21 Februari 2022, karibu miaka 2 nzima.

Hapo ndipo tofauti ya 188 na 888 ilipoacha kuwa ya makaratasi. Fikiria mwenye 188 aliyekwenda nyumbani kwa mazishi mapema mwezi huo wa Machi. Biashara yake iko Melbourne, masharti yanamtaka aiendeshe na aishi nchini, na mlango umefungwa nyuma yake. Jirani yake mwenye 888, mwenye mgahawa kama wake na kodi kama yake, anapanda ndege akipata kiti. Mazingira ya majaribio yana sifa hiyo: seva zikizidiwa, ndiyo ya kwanza kuzimwa. Kwa programu hakuna anayelia.

Baadaye, tarehe 1 Julai 2021, mpango ulipangwa upya. Visa ya muda ikarefushwa hadi miaka 5. Mikondo ikapunguzwa na ule wa milioni 15 ukafungwa. Viwango vikapanda: mali za mfanyabiashara kutoka 800,000 hadi milioni 1.25, mauzo kutoka 500,000 hadi 750,000, na mwekezaji wa kawaida kutoka milioni 1.5 hadi 2.5. Mwaka huo huo taasisi ya utafiti ya Grattan ilitoa ripoti ikisema wahamiaji wa mpango huu kwa wastani ni wazee kuliko wenye ujuzi wanaokuja kwa njia nyingine, Kiingereza chao ni kidogo, na mchango wao kwa hazina ya umma katika maisha yao ni mdogo. Ikataka mpango ufutwe.

Nafasi zinasimulia yaliyofuata. Mwaka wa fedha 2021–22 zilipangwa 13,500. Mwaka uliofuata 5,000. Uliofuata 1,900. Wa 2024–25 zikawa 1,000. Ukiona grafu ya watumiaji imeshuka namna hiyo unajua wenye mradi wameshaamua. Katikati ya mwaka wa 2024 mlango wa 188 ulifungwa kabisa kwa maombi mapya, na wale waliokuwa kwenye foleni wakaruhusiwa kujiondoa na kurudishiwa ada. Desemba 2024 ikaja visa nyingine ya ubunifu, kwa mwaliko tu, kwa watu wenye mafanikio yanayotambulika. Na hiyo, sikilizeni vizuri, ni ya kudumu tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo mzunguko umekamilika. Miaka ya 1980 kipimo kilikuwa mlangoni. Mwaka wa 1992 kikahamia nyuma. Mwaka wa 2003 kikawekwa katikati. Na mwaka wa 2024 kimerudi mlangoni, ila sasa kinauliza mtu amefanya nini, si mfuko wake una uzito gani.

Jambo moja nawapa heshima. Walipofunga 188, hawakufunga 888. Aliyekuwa tayari ndani na visa yake ya muda aliachiwa njia ya kuomba ya kudumu. Hata mwaka wa 2021 viwango vilipopanda, waliotangulia walibaki na masharti ya mkondo walioingilia. Wahandisi tunaita huko kuheshimu matoleo ya zamani, na tunajua ni kazi ya kuchosha: lazima uendelee kulisha mfumo ambao huutaki tena, kwa ajili ya watu waliokuamini ulipokuwa unautaka. Lakini bila hilo visa ya muda ingekuwa kamari tupu. Mtu hawezi kuweka miaka 4 ya maisha yake kwenye ahadi inayoweza kubadilishwa akiwa njiani.

NA SISI JE?

Tusiangalie ng'ambo tu. Kenya nayo ina hatua zake. Kibali cha daraja la G kwa mgeni anayekuja kufanya biashara kinatumia kiwango cha mtaji cha dola 100,000 za Marekani. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka wa 2011 inasema mtu aliyekuwa na kibali cha kazi kwa angalau miaka 7, na akaishi nchini mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuomba, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu.

Soma tena. Haiulizi mauzo. Haiulizi wafanyakazi wawili wasio jamaa. Inauliza muda. Ni kipimo cha aina nyingine kabisa: umekaa nasi, umefanya kazi nasi, tumekuzoea. Ubaya wake ni kwamba miaka 7 ni mingi, na kila kibali kinapoisha mtu anarudi kwenye foleni kukiombea upya, kwa hiyo majaribio hayafanyiki mara moja, yanafanyika kila anaporudi dirishani. Uzuri wake ni kwamba mwenye kampuni ndogo ya programu na mwenye duka wanahesabiwa sawa. Kipimo hakimlazimishi yeyote kugeuza biashara yake ili ifanane na fomu.

Kwa wale wenzangu wanaoanzisha kampuni na wanaovutwa na matangazo ya visa za biashara za nchi yoyote ile, nasema mambo matatu. Kwanza, anza kusoma kutoka mwisho. Masharti ya visa ya pili ndiyo yatakayoamua biashara gani ufungue, kwa hiyo yajue kabla hujalipia ya kwanza. Pili, tafuta neno linalopimwa. Ni mauzo, ni faida, ni ajira, ni mtaji au ni siku za kuishi? Kama kazi yako ni ya aina ambayo neno hilo haliioni, wewe utaonekana umeshindwa hata ukiwa umefaulu. Tatu, uliza nani anabeba mzigo muda ukiisha: je, wao watatakiwa kueleza kwa nini uondoke, au wewe utatakiwa kueleza kwa nini ubaki? Jibu la swali hilo lina thamani kuliko rangi ya picha kwenye tangazo.

Na kama siku moja wewe ndiye utakayeitwa kujenga mfumo wa kusimamia vibali, maana serikali zote sasa zinahamishia mambo yao mtandaoni, kumbuka kwamba palipoandikwa "muda umeisha" kwenye hifadhidata yako kuna mtu mwenye funguo za duka mkononi. Acha kisanduku cha kuandika maelezo. Na uhakikishe kuna ofisa anayekisoma.

Haya, kwa leo inatosha. Wiki ijayo tunarudi kwenye seva. Kwaherini.